Kabla Mwisho wa Mwezi Ufike: Jinsi Mashine Nyingi Zinavyojifanya Wateja Ili Pesa Yako Isikwame

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni, stage ya Kangemi. Mvua imeanza kunyunyiza, matatu kutoka tao zinashusha watu kwa wingi, na kila mtu anataka kufika kwa nyumba na mboga mkononi. Kijana mmoja amechukua sukuma, nyanya na parachichi tatu. Jumla ni shilingi 280. Analipa kwa simu.

"Imeingia, mama?"

"Bado, kijana yangu. Hebu ngoja kidogo."

Dakika mbili zinapita. Laini nyuma yake inarefuka. Simu yake inasema tu kwamba ombi linashughulikiwa.

"Wacha nitume tena, mama, watu wanangoja."

Anatuma tena, anaonyesha simu, anaondoka. Meseji zote mbili zinaingia pamoja akiwa ameshafungua mlango wa nyumba. Sasa mama ana shilingi 560 badala ya 280, kijana hana fare ya Jumatatu, na wote wawili wanatupigia simu. Swali lao la kwanza huwa lile lile: "Kwani nyinyi hamkujua ni mwisho wa mwezi?"

Tulijua. Na swali ni la haki. Kwa hivyo somo la leo tumelitenga kueleza kazi tunayofanya kabla siku hiyo ifike: kupima mzigo wa mfumo kwa kutumia mashine nyingi kwa pamoja. Sisi tunaoandika hapa tulisoma mambo ya masoko, si uhandisi, kwa hivyo tulikaa na wahandisi wetu mpaka tukaelewa. Ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini pesa hukwama, tunafanya nini kuzuia, na wewe ufanye nini siku meseji ikichelewa.

MZIGO NI NINI HASA?

Watu wengi hudhani mfumo hulemewa kwa sababu wateja ni wengi. Idadi ya wateja peke yake haisemi mengi. Linalosumbua ni wangapi wanabonyeza "tuma" katika sekunde moja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kampuni inapitisha miamala 1,000,000 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Ukigawanya unapata kama miamala 12 kwa sekunde. Inaonekana kazi rahisi, si ndio? Lakini hakuna mtu ananunua mboga saa tisa usiku. Tuseme moja kwa tano ya miamala hiyo, yaani 200,000, inafanyika kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hivyo sasa tuko karibu na miamala 56 kila sekunde. Na ndani ya saa hiyo kuna dakika ambazo mishahara imeingia, mvua imenyesha, na kila mtu analipa fare wakati mmoja. Mfumo uliojengwa kwa wastani wa siku utaanguka katika dakika hizo.

Kuna hesabu nyingine inayoeleza kwa nini mambo huharibika haraka. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni rahisi ya foleni: watu walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa sekunde, mara muda ambao kila mmoja anakaa ndani. Kama malipo 56 yanaingia kila sekunde na kila moja linachukua sekunde 2, kuna malipo 112 ndani ya mfumo kwa wakati wowote. Sasa kitu kidogo kikichelewa, kila lipo likachukua sekunde 20, kuna malipo 1,120 ndani. Wateja hawajaongezeka hata mmoja. Ni ule uchelewaji tu uliojaza nyumba. Na nyumba ikijaa, kila mtu anazidi kuchelewa.

Ni kama stage ya Odeon jioni. Abiria ni wale wale wa kila siku, lakini matatu moja ikizimika kwenye njia ya kutokea, baada ya dakika kumi barabara yote imefunga.

TUMEONA NINI HAPA NYUMBANI

Kenya ina historia ndefu ya kubeba mzigo wa aina hii. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya Aprili 2015. Septemba 2025 Safaricom ilitangaza kuboresha mfumo huo ili ubebe miamala 6,000 kwa sekunde, ukiwa na nafasi ya kupanuliwa hadi 12,000. Angalia wanavyohesabu: kwa sekunde, si kwa siku.

Na tumeona pia mzigo ukitumika kama silaha. Julai 2023 jukwaa la serikali la eCitizen lilisumbuliwa, na Wakenya wengi wakashindwa kupata huduma. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kulikuwa na shambulio, akieleza kwamba waliohusika walijaribu kuuziba mfumo kwa maombi mengi kupita kiasi. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililofanya hivyo.

Kati ya shambulio la aina hiyo na jaribio la mzigo, vifaa vinafanana sana. Tofauti ni tatu: jaribio linafanywa na mwenye mfumo, kwenye mazingira yaliyotengwa, na kuna mtu ameshika swichi ya kuzima.

KWA NINI MASHINE MOJA HAITOSHI

Njia ya kupima ni kutengeneza wateja bandia. Programu inajifanya mteja: inaingia, inaangalia salio, inatuma pesa, inangoja jibu. Kisha unaizidisha mara elfu. Swali ni je, wateja hao elfu wataishi kwenye kompyuta gani?

Tulianza na laptop moja ofisini Westlands. Jaribio likaanza vizuri, wateja 100, wateja 300, kisha majibu yakaanza kuchelewa vibaya. Wahandisi wakaingia kazini kuchimba hifadhidata, wakatafuta shida siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Hawakuona kitu. Mwishowe mmoja akageuka akaangalia laptop yenyewe. Feni ilikuwa inalia kama posho mill na prosesa iko asilimia 100. Mfumo ulikuwa unajibu haraka. Ni laptop iliyokuwa inashindwa kuyasoma majibu kwa wakati. Tulikuwa tumepima uzito wa gunia kwa mizani mbovu, kisha tukalaumu gunia.

Wahandisi walitueleza vitu vinne vinavyoifunga mashine moja:

1. Nguvu. Kila mteja bandia anakula kumbukumbu na prosesa. Mashine ikichoka, inapima uchovu wake yenyewe.

2. Njia ya intaneti. Laini moja ya ofisi ina upana wake. Ikijaa, maombi yanasubiri ofisini kabla hata ya kufika kwenye mfumo.

3. Milango. Kila muunganisho unaotoka kwenye kompyuta unahitaji mlango wake wenye namba. Mashine ya Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutumia namba 32768 hadi 60999, yaani kama milango 28,000 kwenda mahali pamoja. Na mlango ukifungwa, hubaki umeshikiliwa kama dakika moja kabla ya kutumika tena. Ukifungua miunganisho mipya kwa kasi, milango inaisha.

4. Anwani moja. Mfumo ukiona maombi maelfu kutoka anwani moja, unaweza kudhani ni mshambulizi na kuyazuia. Au ule mtambo unaogawa kazi kati ya seva unayapeleka yote kwa seva moja huku nyingine zimekaa bure. Wateja wetu wa kweli hawako mahali pamoja. Wako Kawangware, Kilimani, Lavington, Luthuli Avenue na kwingineko.

Ndiyo sababu tunatumia mashine kadhaa, kila moja ikibeba sehemu ya wateja bandia, zote zikiongozwa kutoka mahali pamoja.

NYAPARA NA VIBARUA: MPANGILIO ULIVYO

Fikiria mjengo. Kuna nyapara mmoja mwenye mpango, na kuna vibarua. Nyapara habebi mawe. Anasema "anzeni", anaandika kilichofanyika, na anasema "simameni". Mpangilio wa mashine ni huo huo.

Kuna programu kadhaa za kazi hii: JMeter, Locust, k6, Gatling. Tutatumia JMeter kama mfano kwa sababu ni ya bure, inatunzwa na Apache, na imekuwepo tangu 1998. Hizi ndizo hatua tunazofuata.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa mashine. "Tupime mfumo" si swali. Swali ni kama hili: je, mfumo unaweza kupokea malipo 100 kwa sekunde kwa dakika 30, na malipo 99 kati ya kila 100 yakajibiwa chini ya sekunde 3? Hapo mtu anaweza kujibu ndiyo au hapana.

Hatua ya 2: Tenga mazingira. Hatupimi mahali pesa yako iko. Tunajenga nakala ya mfumo yenye akaunti za uongo, namba za uongo na pesa za uongo. Taarifa za wateja halisi hazitumiki kwenye majaribio. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatudai uangalifu huo, na hata bila sheria, jina lako halina kazi kwenye jaribio.

Hatua ya 3: Andika mwenendo wa mteja. Mtu wa kweli hatumi pesa mfululizo kama bunduki. Anaangalia salio, anafikiria, anaandika namba, anakosea PIN, anarudia. Wengine wanalipa Till, wengine Paybill, wengine wanatoa kwa wakala. Skripti yetu ina mchanganyiko huo, pamoja na muda wa kutulia kati ya tendo na tendo.

Hatua ya 4: Tayarisha vibarua wafanane. Kila mashine iwe na toleo moja la JMeter na toleo moja la Java. Saa zao zilingane, la sivyo ukija kuunganisha matokeo utaona jibu limefika kabla ya swali. Tangu toleo la 4.0, nyapara na vibarua wa JMeter huzungumza kwa njia iliyofichwa, kwa hivyo kila mashine lazima iwe na faili la ufunguo linalokubalika. Na mlango wa mazungumzo, ambao kwa kawaida ni namba 1099, uwe wazi kati yao.

Hapa kuna mitego miwili ambayo huwanasa wengi. Mtego wa kwanza: nyapara anawatumia vibarua mpango, lakini hawatumii faili za data. Kama orodha ya namba za simu za uongo iko kwenye faili, lazima uinakili mwenyewe kwa kila mashine, na uigawe ili vibarua wawili wasitumie akaunti moja. Mtego wa pili: kila kibarua anafanya mpango mzima, si kipande chake. Mpango ukisema wateja 1,000 na una mashine 6, umeita wateja 6,000. Ukitaka 1,000 jumla, gawanya kwanza.

Hatua ya 5: Anza na kibarua mmoja. Mashine moja ikituma malipo 50 kwa sekunde, ongeza ya pili. Ukipata 100, mambo sawa. Ukibaki kwa 50 huku mashine zote mbili zimepumzika, umefika ukomo wa mfumo. Ukibaki kwa 50 huku mashine zenyewe zinahema, hujajua chochote bado, ongeza mashine. Kwa kipimo hiki tusingepoteza siku yote ile Westlands.

Hatua ya 6: Panda polepole, kaa juu, kisha ruka ghafla. Kwanza mzigo unaongezwa taratibu. Kisha unashikiliwa kwa saa kadhaa, kwa sababu kuna makosa yanayojitokeza tu mfumo ukichoka. Mwisho unapandishwa mara moja, kama ile dakika mishahara inaingia.

Hatua ya 7: Soma matokeo vizuri. Wastani unadanganya. Chukua malipo 100: 95 yamejibiwa kwa sekunde 1, na 5 yamechukua sekunde 30. Wastani ni sekunde 2.45. Bosi ataona 2.45 na kufurahi. Lakini kuna watu watano wamesimama dukani nusu dakika wakitoa jasho. Kwa hivyo tunauliza: yule wa 99 kati ya 100 alingoja muda gani?

Mashine zikiwa nyingi kuna kosa jingine. Kibarua wa kwanza anasema mteja wake wa 99 alingoja sekunde 1. Wa pili anasema sekunde 11. Ukichukua wastani unapata sekunde 6, namba isiyomhusu mteja yeyote. Ni lazima ukusanye matokeo yote ghafi, uyapange kwenye orodha moja, ndipo uhesabu.

Hatua ya 8: Endelea hadi kitu kivunjike. Hii iliwashangaza sana watu wa masoko. Tukifikisha lengo hatuachi. Tunaongeza mzigo mpaka mfumo ushindwe, kwa sababu tunataka kujua utashindwa vipi. Mfumo mzuri ukilemewa humwambia mteja mapema, "Jaribu tena baadaye, pesa yako haijatoka." Mfumo mbaya hunyamaza, na mteja aliyenyamaziwa ndiye anayetuma mara mbili.

WATEJA BANDIA WALIKUWA WASTAARABU KUPITA KIASI

Sasa turudi kwa kijana wa Kangemi, kwa sababu alitufundisha jambo.

Kwa muda mrefu wateja wetu bandia walikuwa watu wapole. Wakituma pesa na jibu likichelewa, walingoja. Sekunde 10, sekunde 40, hawasemi kitu. Jaribio likawa linapita. Kisha siku yenyewe inafika, mfumo unachelewa kidogo, na mzigo unapanda kupita kile tulichopima.

Ni nani huyo Nairobi anayengoja sekunde 40 na watu watano wako nyuma yake? Watu wanatuma tena. Kama malipo ni 56 kwa sekunde na nusu ya wateja wanarudia, sasa ni 84. Mfumo uliokuwa unachechemea unaongezewa mzigo nusu tena, saa ile ile hauwezi. Unachelewa zaidi, na wengi zaidi wanarudia.

Tukabadilisha skripti. Siku hizi sehemu ya wateja wetu bandia hawana subira: baada ya nusu dakika wanabonyeza tena. Majaribio ambayo yalikuwa yanapita yakaanza kufeli, na hilo lilikuwa jambo zuri, kwa sababu yalifeli mbele yetu na pesa za uongo.

Kuna kinga ya kiufundi hapa, na ni vizuri uielewe. Kila ombi la malipo lina namba yake ya siri ndani ya mfumo. Simu yako ikipoteza mtandao na programu ikarudia ombi lile lile, mfumo unaitambua namba na kusema, "Hili nimeshalishughulikia." Pesa inatoka mara moja. Lakini wewe ukianza upya, ukaandika Till, kiasi na PIN tena, hilo ni ombi jipya lenye namba mpya. Mfumo haujui kama umerudia kwa wasiwasi au umeamua kununua parachichi tatu zaidi. Mashine zetu zote haziwezi kukuamulia hapo.

KIPIMO CHA MWISHO: SHILINGI ZOTE ZIKO?

Kupima tovuti ya habari kunaishia kwenye kasi. Kwa pesa kuna hatua moja zaidi, na kwetu ndiyo kubwa kuliko zote.

Tuseme tulianza na akaunti 10,000 za uongo, kila moja na shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 10,000,000. Vibarua wakazirusha huku na huku, miamala mingine ikafaulu, mingine ikakatika katikati. Tukimaliza, tunajumlisha kila akaunti: za wateja, za maduka, ya ada. Jumla lazima iwe 10,000,000 kamili. Ikiwa ni 9,999,720, jaribio limefeli, hata kama kila jibu lilikuja kwa nusu sekunde. Hizo shilingi 280 zilizopotea ni ndogo kwenye ripoti, lakini siku ya kweli zingekuwa mboga za jioni za mtu.

Wahandisi wetu hawaruhusu toleo jipya litoke mpaka hesabu hiyo ifunge.

WEWE UFANYE NINI MESEJI IKICHELEWA

Hatuwezi kuahidi kwamba mfumo hautachelewa kamwe. Tunachoweza ni kukupa utaratibu.

Kama wewe ndiye unalipa:

- Usitume tena mara moja. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, pesa imetoka na kilichochelewa ni meseji.
- Kama salio halijabadilika, angalia orodha ya miamala yako. Ombi likionyesha linashughulikiwa, ngoja lifike mwisho, liwe limefaulu au limekataliwa.
- Ukilazimika kuondoka, lipa kwa njia nyingine na umwachie mwenye duka namba yako. Lile la kwanza likiingia baadaye, mna pa kuanzia.
- Umetuma mara mbili? Tupigie mapema, ukiwa na kodi za miamala yote miwili. Pesa ikishatumika na mpokeaji, kuirudisha ni kazi ngumu.

Kama wewe ndiye unapokea:

- Amini meseji ya simu yako au taarifa ya Till yako, si skrini ya mteja. Meseji ya uongo hutengenezwa kwa dakika moja.
- Mteja akisema ametuma na hujaona, omba kodi ya muamala na uihakiki kwenye taarifa yako.
- Ukipokea mara mbili kutoka kwa mtu mmoja, weka pembeni hiyo ya pili. Ukiona namba ngeni inakupigia ikisema "nilituma kwa makosa, rudisha haraka", usirudishe kabla ya kuthibitisha kwamba pesa hiyo iliingia kweli, na uombe arudishiwe kupitia huduma kwa wateja.

Kwa wote: siku mtandao ukisumbua, matapeli nao huamka. Mtu akikupigia akisema anatoka kwetu na anataka PIN yako ili "afungue muamala uliokwama", kata simu. Hatuhitaji PIN yako kwa jambo lolote.

Na ushauri mmoja wa kupanga siku: malipo makubwa yenye mwisho wake, kama karo, kodi ya nyumba au kodi ya KRA, yafanye asubuhi au siku mbili kabla. Mifumo yote unayoipitia, si yetu peke yake, huwa na nafasi zaidi saa hizo.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Je, majaribio haya yanaweza kugusa pesa yangu? Hapana. Yanafanyika kwenye nakala iliyotengwa, na akaunti zote ni za uongo.

Kwa nini basi kuna usiku mnasema huduma itasimama kwa saa chache? Hayo ni matengenezo, si majaribio. Tunachagua usiku wa manane kwa sababu ndipo watu wachache wanatuma. Tunatuma taarifa mapema ili ununue tokeni za stima kabla ya kulala.

Nina duka la mtandaoni na nataka kulipima kabla ya ofa ya Disemba. Naweza kutumia laptop tatu za marafiki? Unaweza kuanza hivyo kabisa. Fuata hatua zile nane kwa udogo: nyapara mmoja, vibarua wawili, wote kwenye mtandao mmoja. Lakini pima tovuti yako tu, na umwambie anayekuwekea tovuti kwanza, kwa sababu huenda mnashiriki seva na maduka mengine. Sehemu ya malipo usiipige. Iweke jibu la bandia linalosema "imelipwa" baada ya sekunde mbili, kisha endelea. Mazingira ya majaribio ya kampuni za malipo, kama yale ya Daraja, yamewekwa ili ujaribu kama muunganisho wako unafanya kazi, si ili uyarushie maelfu ya maombi.

Nikijaribu mfumo wa mtu mwingine bila kumwambia? Usijaribu. Kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na hata ukisema ulikuwa unajifunza, mwenye mfumo ataona shambulio.

KWA KUMALIZIA

Mwisho wa mwezi huu, kabla mishahara haijaingia, vibarua wetu watakuwa wameshanunua sukuma bandia mara nyingi, wamekosea PIN, wamekosa subira na kubonyeza tena. Kila kinachovunjika hapo kinarekebishwa kabla hujafika stage.

Nawe ukifika Kangemi jioni hiyo, meseji ikachelewa, kumbuka ile hatua moja: angalia salio kabla ya kutuma tena. Mwonyeshe na mama wa mboga namna ya kuangalia taarifa ya Till yake. Na kama una kisa chako cha pesa iliyokwama, tuandikie kupitia sehemu ya Msaada ndani ya programu yetu. Kijana wa Kangemi ndiye aliyetufanya tubadilishe skripti, na huenda kisa chako ndicho kitakachoingia kwenye jaribio lijalo.